Papa Anakula Kama Mtu Atakayekimbia

Bunia

Mama yangu mpenzi,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Shangazi tunayekaa kwake: Papa analia. Analia mbele ya psychologue wa hospitali, nami nimekaa kando nikimshikia koti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu majirani zako wote wanasikiliza. Kifua chako kimepoa? Wadogo zangu wanasoma?

Huyo mama psychologue anapokea wagonjwa wa moyo wenye mwili mkubwa. Hachomi sindano, anazungumza nao tu juu ya hofu zao. Alimuuliza Papa, "Wakati unakula na tumbo imeshajaa, iko kitu gani unaogopa?"

Papa akasema, "Minaogopa kuacha chakula. Siku ile tulikimbia, sufuria ilibaki pa moto. Sasa sahani ikiwa mbele yangu, minamaliza mbio, bale batu ba bunduki basinikute."

Redio inasema kumetulia, Mama. Papa anakula kama mtu atakayekimbia kesho. Docteur alisema vidonge pekee havitauokoa moyo wake asipopungua. Na alikuwa ameanza kupungua! Alijifunza kuweka kijiko chini, kupumua, kujiambia, "Leo hakuna anayekuja." Suruali zilianza kumlegea.

Ndipo Baba Mukubwa akafika kutoka huko nyumbani Komanda na sombe yako ya majani ya muhogo, mafuta ya mawese yakielea juu. Alimtazama Papa akacheka.

"Eh, mudogo yangu! Bunia inakukausha? Batu batasema bibi yako anakunyima chakula. Ao uko na ile ugonjwa?"

"Hapana, ni psychologue alisema..."

"Docteur ya wazimu! Weye uko muzima! Panda gari, twende. Mama ya batoto atakupikia."

Papa akaona haya. Akakunja nguo zake, Baba Mukubwa akatia begi garini.

Nilikasirika, Mama, na wewe pia nilikukasirikia. Ulimwagiza Baba Mukubwa aniulize kama ninampikia Papa ao ninamuua kwa njaa. Unaogopa majirani watamwona mwembamba wakucheke. Mimi naogopa utamzika akiwa mnene, na majirani hao hao watakuja kushiba kwenye matanga.

Msalimie Koko, nyanya yetu aliyenifundisha kusoma Zaburi, na mjomba anayechunga ng'ombe zetu.

Unanijua, sisemi mbele ya wakubwa. Siku ile pia sikusema. Nilitoa begi la Papa garini, nikaliweka kichwani, nikashika barabara ya hospitali. Shuleni walikuwa na mtihani wa hesabu, sikwenda. Baba Mukubwa aliita jina langu, sikugeuka. Baadaye nikasikia viatu vya Papa nyuma yangu, na pumzi yake nzito. Nikapunguza mwendo anifikie. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine mpaka psychologue akamwita, na Papa akaingia.

Mimi binti yako,
Dorcas