Te quiero na firigisi ya kuku

Mji wa Baraka, Jumamosi, siku ya posho

Eti te quiero! Mujukuu wangu Riziki amenieleza: kwa Kihispania ile ni mapendo madogo, te amo ndiyo makubwa. Muchumba wake wa kule Misisi aliokota hayo katika filme, na miaka mbili sasa anamutumia te quiero tu. Moto gani huo usiochemsha hata chai? Naogopa anamupotezea wakati.

Leo kijana huyo alikuja kula kwangu. Nikamuwekea bawa la kuku.

“Koko, na firigisi?” kijana akauliza.

“Firigisi ni ya mukwe. Bawa ndiyo te quiero yangu.”

“Koko, unanipatisha haya!” Riziki akalia.

Kijana akatafuna polepole, kisha akauliza baba zake bakuje siku gani kuongea mahari.

Nikamuongezea paja. Firigisi itamungojea mpaka baba zake bafike.