Chura wa Mabanga

Kahambu ndugu yangu, haya imenishika! Nimesikia chura nyuma ya nyumba. Chura, hapa Mabanga, katikati ya muji!

Unajua tangu jua la miaka hii likaushe kinamasi cha kwetu kijijini, sijasikia hata mumoja. Nikatoka mbio na mbegu za maharagi, nikiita majirani: "Tupande! Chura ameita mvua!"

Mujukuu wangu Charline akaangua kicheko: "Koko, ni telefone yangu inalia!"

Telefone, Kahambu! Majirani wote wakacheka. Nikawategea kitendawili: "Hana ngoma, anaita mvua?" Nikangoja waseme chura, watoto wakajibu: "Meteo ya redio!"

Walipoondoka, nikamuomba Charline ailize tena. Akailiza.

Kwetu chura mumoja alikuwa akianza, kinamasi kizima kinamujibu. Huyu wa telefone aliita, akaita, kisha akanyamaza. Hakuna aliyemujibu.