Wiki ya Hamsini na Tatu

Jumatatu, 1 Februari 2016. Wiki ya 5

Theluji tangu asubuhi. Nimesafisha njia mpaka kwenye sanduku la barua. Hakuna barua.

Tuva alipiga simu. Ndiye aliyekuwa akitengeneza Tallrit pamoja na mke wangu, Ingegerd – programu ya kuchora chati, ambayo waandishi wengine wa programu huichukua bure na kuitia katika kazi zao. Aliuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akauliza nimekula nini. Nikataja mkate mkavu.

"Mzee, mkate mkavu si chakula," akasema.

Kisha akaeleza shida yake. Miaka sita watu wanaomba Tallrit ichore chati ya ratiba: kila kazi na upau wake, unaoanzia siku ya kuanza na kuishia siku ya kumaliza. Ingegerd ameacha mpango wa kurasa kumi na moja. Mahali panane ameandika: Muulize Alvar.

Hakuwahi kuniuliza. Alikuwa akingoja nistaafu.

Pau hizo nimezichora miaka thelathini na mmoja, kwa penseli, ukutani katika vibanda vya ujenzi. Kompyuta siijui. Nikamwambia aje tu.

Jumanne, 9 Februari. Wiki ya 6

Leo ni siku ya maandazi ya krimu, yanayoliwa kabla ya Kwaresima. Tuva kaja nayo toka mjini Härnösand. Matatu. Alipoliona la tatu akasimama na mfuko mkononi, hajui aliweke wapi. Nikamwambia haidhuru, nitalila jioni.

Ingegerd alikuwa akianza na kifuniko cha andazi. Alichotea krimu. Kila mwaka krimu puani.

Tukafanya kazi. Kazi moja ikichelewa, zinazoifuata zisogee zenyewe? Nikakataa. Programu ionyeshe, msimamizi ndiye asogeze. Niliwahi kusogezewa ratiba na mtu wa ofisini, mafundi umeme wakafika kabla ya kuta. Tuva akacheka mpaka akakohoa.

Wiki ziandikwe kwa namba, hilo halina mjadala. Hapa likizo ni wiki ya 29, daktari wa meno wiki ya 14. Ingegerd alipokubali kuolewa nami alisema: "Wiki ya 23 nina nafasi."

Tulikwama kwenye kazi isiyo na tarehe ya mwisho. Tuva anataka programu iikatae. Anasema hiyo si ratiba, ni ndoto. Nikamwambia kazini kwetu zilikuwa nyingi. Nilikuwa na uzi mwekundu ukutani, ulioonyesha siku ya leo, nausogeza kila asubuhi. Upau usio na mwisho unaufuata uzi.

Tuva akafungua ukurasa wa tisa wa mpango. Ingegerd ameandika hivyo hivyo. Hata uzi mwekundu upo. Alifika kwenye kibanda changu mara moja tu, mwaka 1987, kuniletea chakula nilichokisahau.

Alhamisi, 18 Februari. Wiki ya 7

Tuva ametuma toleo la kujaribu. Nimefungua mfano wa chati alioutunga Ingegerd. Kupaka rangi banda la mashua. Kumfundisha Alvar kompyuta – upau mrefu kuliko ule wa banda. Asante sana, mama.

Mstari wa mwisho: Chati ya Alvar. Mfanyakazi: Ingegerd. Umeanza wiki ya 36, mwaka jana. Mwisho hakuweka. Upau umekwenda mpaka kwenye mstari mwekundu wa leo.

Mashine haijaambiwa. Kwa mujibu wake, asubuhi hii yuko kazini.

Ijumaa, 19 Februari

Umeongezeka siku moja.

Jumatatu, 22 Februari. Wiki ya 8

Toleo linatoka Ijumaa. Mfano huo utakuwa ukurasa wa kwanza, kila mtu atauona. Tuva aliuliza polepole: tuufute ule mstari, tuuache, au niweke mwisho? Mwenye neno ni wewe, akasema.

Nikasema nitaweka mwisho. Upau ulioachwa wazi wakati mtu ameshaondoka ni uongo. Nimewagombeza wasimamizi kwa hilo.

Nikaandika wiki ya 53, mwaka 2015. Mashine ikajibu: Wiki hiyo haipo.

Mara tatu. Haipo.

Miaka mingi ina wiki hamsini na mbili. Mwaka jana ulikuwa na moja zaidi, na ndiyo aliyofia, Jumatano. Hesabu ya wiki humo ndani aliiandika yeye mwenyewe. Akaisahau hiyo moja – yeye, aliyekuwa akinikumbusha hadi siku ya kuzaliwa mama yangu.

Nilifurahi. Naona haya kuandika. Tuva sikumwambia.

Jumatano, 24 Februari

Siku mbili nimenyamaza. Upau umeongezeka siku mbili.

Lakini kuna mtu mahali fulani atapanga jengo kwa chati hii. Mwisho wa mwaka kama ule kazi zake zitaparaganyika, mafundi watafika kabla ya kuta. Nikapiga simu.

Tuva akauliza, "Wiki ya hamsini na tatu, umeigunduaje?"

Nikamwambia ndiyo niliyoiandika kwenye mstari wa Ingegerd. Kisha nikamsikia akipenga kamasi. Akasema Ingegerd angemcheka mwezi mzima kwa kutoliona kosa hilo.

"Nikirekebisha, itakubali. Uko tayari, mzee?"

Nikasema arekebishe, wengine wanaihitaji. Hilo silo aliloniuliza.

Ijumaa, 26 Februari. Wiki ya 8

Imerekebishwa. Tuva ameandika: Jaribu sasa. Natoa toleo saa nane, nangoja neno lako.

Saa saba na robo. Nimetengeneza kahawa, imepoa. Upau umefika leo. Simu imelia mara moja, ikakatika – ni Tuva, kaona aibu kuniharakisha.

Saa saba na nusu. Nimeandika 2015. Nimeandika 5. Imebaki 3