Theluji Aliyoikata Nasser

Mama yangu,

Nnakuandikia nikiwa na hasira, bora nikwambie mapema. Nasser ameikata picha yako.

Ile ya Kijapani, ya wino, aliyokuachia Bi Keiko, jirani yetu wa Azaiba, mumewe alipomaliza kazi yake ya uhandisi hapa mwanzo wa miaka ya tisini. Siku ya kufunga mizigo aliitungua ukutani kwake akakupa kwa mikono miwili. Mlima wa kijivu, mti usio na jani, mtu na fimbo yake anavuka daraja. Pengine pote, karatasi tupu. Jamaa wakija wakiuliza mbona mchoraji hakumaliza. Wewe ukicheka. "Hiyo ndiyo theluji. Hakuichora, kaiwacha."

Theluji hukuwahi kuiona, si kwetu Unguja wala huku jangwani. Lakini Juni, umeme ukikatika na kuta zikitoa moto, ulikuwa ukijilaza kwenye mkeka mbele yake. "Nnakwenda kule kidogo," ukisema, nasi tukajua tusikusemeshe. Nikilala ubavuni kwako, nikimtizama yule mtu mpaka nahisi miguu yangu mwenyewe inazama kwenye ule weupe.

Baada ya msiba wako, Nasser akaichukua kwa nia njema. Kahamia nyumba mpya Mawaleh, akataka picha yako ikae kwenye majlisi, wageni wakiiona wakuombee rehema. Kaipeleka karakana moja ya mtaa wa Ghala itiwe fremu ya dhahabu. Fremu ikawa fupi. Basi wakakata juu.

Nilipoingia kwake nikaganda mlangoni. Mlima umegota kwenye mbao ya fremu, mbingu hamna. Yule mtu na fimbo yake kama anaingia kabatini. Nikamwuliza Nasser, juu kuko wapi? Akanijibu, "Dada, pale hapakuwa na kitu."

Hapakuwa na kitu. Nikalia tu. Akadhani nakulilia wewe, akaniletea maji.

Asubuhi yake tukaenda Ghala kukitafuta kipande kilichokatwa. Fundi akasema taka zishachukuliwa. Hakuwa mkorofi, kaona karatasi nyeupe, kakata karatasi nyeupe. Hilo ndilo linaloniudhi, sina hata wa kugombana naye. Nasser mwenyewe kaniomba radhi na huku hajui kosa lake ni lipi.

Na wewe pia umeniudhi, Mama. Nguo, vyombo, dhahabu, vyote ulisema nani achukue nini. Picha ukainyamazia. Ulidhani sote tunaiona unavyoiona wewe? Ningekuuliza, nakuuliza vipi sasa?

Nikaichukua picha kwangu, na juzi nikaitoa kwenye fremu, nikailaza mezani, nikaweka karatasi juu yake pale palipokatwa. Haikufaa. Nyeupe mno, karatasi ya ofisini, na yako ilikuwa imeshaiva kwa miaka. Nasser akapita kunijulia hali, akasimama nyuma yangu. Alitizama muda. Mwisho akanyoosha kidole akaisogeza ile karatasi kidogo, ikae sawa, akasema taratibu, "Kumbe huyu mtu bado yuko mbali na kwao."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Nikenda jikoni kuteleka chai.

Picha sasa iko kwangu, haina fremu wala kioo. Kila nikiitizama namwona mtu wako kabanwa, na hasira inarudi pale pale. Picha haitapona, najua. Lakini Ijumaa nimemwita Nasser aje kula. Nitampikia, nitamkalisha mbele ya picha, nimweleze ulivyokuwa ukinieleza mimi, hata kama sauti itapanda. Nnakuahidi nitamsamehe ndugu yangu. Si wiki hii.

Mwenyezi Mungu akupanulie ulipolala, Mama.

Mwanao,
Zuwena