Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Nyumba ya pili baada ya karakana ya seremala,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi kichwa kinanizunguka. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu baada ya miezi miwili ya kutopokea simu zako. Nivumilie, nitafika huko.

Kwanza gari la baba. Lilianza kunguruma kila likishika mwendo, kama mashine ya kusaga. Mama akagoma kulipanda, na Alhamisi anatakiwa hospitali akatolewe bandeji ya jicho. Nikajiambia ni beringi ya gurudumu, kazi ya asubuhi moja uani.

Unaukumbuka utaratibu wa baba: mmoja aendeshe, mwingine akae nyuma asikilize, na msikilizaji ndiye mwenye neno la mwisho. Kiti hicho kilikuwa chako. Safari hii alikaa mke wangu, akasema, "Kulia, mbele." Mimi nilisikia kushoto, waziwazi kabisa. Nikamwambia awapishe wenye fani.

Nikapiga jeki, nikafungua gurudumu la kushoto. Beringi iling'ang'ania, niligonga nyundo mpaka seremala akachungulia ukutani kuuliza kama nabomoa nyumba. Fundi wa mtaa wa nyuma akanikandamizia mpya kwa mashine yake, nikarudishia, nikanawa grisi huku najisifu. Nikazunguka mtaa. Mlio uleule. Kushoto kulekule!

Dada, nilichanganyikiwa. Nikafungua tena, kila kitu sawa. Nikailaumu beringi, nikamlaumu fundi, nikamlaumu hata mke wangu kwa kunyamaza.

Jana fundi akaja mwenyewe. Akainua magurudumu yote mawili ya mbele, akanishika mkono akauweka kwenye springi ya kila gurudumu kwa zamu, huku akilizungusha. La kushoto lilitulia tuli. La kulia lilinitetemesha vidole. Hata hapo nikambishia. Akanitazama kidogo.

"Kaka, hebu fumba macho."

Akagonganisha spana mbili, akaniuliza ziko upande gani. Nikaonyesha kushoto. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama kulia kwangu, na mke wangu amejiziba mdomo kwa kiganja.

Sikio langu la kulia karibu halisikii kitu, dada, na sijui limeniacha lini. Naogopa. Ni mara ngapi nimeitwa nikageukia kusiko na mtu? Beringi ya kulia tuliibadilisha jana hiyohiyo na gari sasa limetulia. Alhamisi nitampeleka mama, nami niingie nikapimwe.

Ndipo nikazikumbuka simu zako. Siku zote naweka simu sikio la kulia. Nilikuwa nakusikia kama mtu anayenong'ona ndani ya shuka, nikadhani hutaki watu wa kwako wajue unazungumza nami. Nikanuna, nikaacha kupokea. Kumbe ulikuwa unaongea kama kawaida yako. Nisamehe sana.

Nisalimie shemeji na wanao wote, hasa yule kitinda mimba mwenye maswali. Mama anakusalimu. Mke wangu naye anakusalimu, na ameniagiza niandike kwamba alisema kulia. Mungu akulinde, alipe goti lako nafuu.

Piga Jumapili ijayo. Nitaweka simu sikio la kushoto.

Mdogo wako akupendaye, mbishi yuleyule.