Meli ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa meno ameikataa picha yangu ya bahari. Anasema mawimbi ni makubwa mno, na wagonjwa wake wanafika tayari wanatetemeka. Anataka meli ya matanga, milingoti mitatu, inakwenda zake taratibu, na mtu aape imepigwa kwa kamera. Ataitundika mbele ya kile kiti cha wagonjwa. Siku nzima natuliza maji. Kuchora povu kwenye kompyuta ni kama kuchambua mchele — punje kwa punje, na shingo inalia.

Jumanne, 4 Machi

Meli ilikuwa tupu, kama imekimbiwa. Nikamsimamisha mume wangu sebuleni na ufagio, nikampiga picha, nikamchora nyuma ya meli ameshika kamba. Hazidi ukucha. Analalamika nimempunguza nywele. Nimemwambia ni upepo.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mama mkwe kaniletea chai, akainama kwenye kioo cha kompyuta, kikombe kikabaki hewani.

"Huyu ni baba yenu."

Baba mkwe alituaga akaondoka miaka kumi na moja iliyopita, eti kapata kazi melini. Ukweli tunaujua wote isipokuwa mama: yuko mji wa pili tu, anauza magodoro, na ana mke mwingine. Nani wa kumwambia?

Nikamweleza ni mwanawe na ufagio, na kwamba nimechora mwenyewe. Akanipima toka utosini hadi unyayoni. Maji yanayong'aa vile niyachore mimi, niliyeshindwa kukata pazia likanyooka? Anamtaka mpiga picha aliyemwona baba. Mume wangu, baharia wetu, ghafla akakumbuka ana shida dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimemketisha mama kando yangu, nikafuta tanga moja anaona, nikalirudisha.

"Kumbe kweli ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi igeuze. Irudi."

Nikabonyeza kitufe, kulia ikawa kushoto. Akasema sasa inaondoka kwa upande wa pili. Huyu hadanganyiki. Kuigeuza hasa ni kuchora upya kila kitu — matanga, vivuli, povu lote — na daktari anaitaka kesho. Nikaanza. Sijui kwa nini.

Saa nane mchana meli ikawa inatutazama, na baharia nimemhamishia mbele kabisa, uso wazi. Mama alikuwa ameegemea bega langu. Nikaona siwezi tena kumficha.

"Mama, kuhusu baba…"

"Habari za magodoro ninazo tangu mwaka ule ule, mwanangu. Nilikuwa nawahurumia tu, mnavyohangaika kunificha."

Nikamuuliza, sasa meli irudi ya nini?

"Huyu bado hajafika kwenye magodoro."

Nikaanza kuikuza meli, kidogo kidogo, isogee. Akanishika mkono.

"Hapo hapo. Usimfikishe kwanza. Sijajua nitamwambia nini."

Sasa yuko chumbani kwake. Nasikia kabati limefunguliwa, magauni yanatolewa moja moja. Daktari amepiga simu mara mbili. Sijapokea. Nimeambiwa nisiguse kitu.