Kabo Kati ya Nyumba Yangu na ya Blaise

Kasongo, tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 2023

Mupendwa Yaya Marcelline, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana kule Kalemie, wewe na Laura mutoto wako na wote wanaolala mu nyumba yenu. Magoti yanasema nini? Na macho je? Mimi mudogo wako Gédéon niko, nakula, nalima bado kushinda vijana wa hapa, ni usingizi tu ndio umenikimbia. Barua hii nimeandika na mukono yangu mwenyewe. Kama herufi zinapanda na kushuka kama njia ya Wamaza, usicheke, utafika tu.

Mvua imekuwa nyingi. Muhogo inaoza mu udongo. Naomie, binti yangu, anapika, anafua, ananigombeza kama mama yetu zamani. Habari nzuri ni hiyo, imeisha.

Sasa Yaya, ukae chini. Kaka yetu mukubwa Blaise ni mugonjwa wa kifua. Tangu tulipovuna karanga hatoki ndani. Munganga amekuja, ameacha vidonge, amerudi kichwa chini.

Unajua mimi na yeye hatusemezani. Ni wewe ulipokea kiapo chetu, siku ile nilirudi toka Kabambare nikakuta amekwisha kumuzika mama bila kuningojea. Tuliweka mikono juu ya mukono wako, kila mutu akasema: kinywa changu na kinywa chako vimemalizana mpaka kaburi. Miaka yote hii tunaishi parsele moja, kiwanja kimoja, mulango kwa mulango, na hakuna aliyerudi nyuma. Mimi si mutu wa kurudi nyuma.

Lakini iko jambo hatukukuambia. Shule moja ya hapa ilitupa ordinatere zake za zamani, ndio kompyuta, zile zenye kioo cha tumbo kubwa nyuma, nzito kama mufuko wa mchele. Nikachukua moja. Blaise alipoona, naye akachukua moja, juu hawezi kuvumilia nipate kitu peke yangu. Tekinisien wa soko, fundi Héritier, akaniambia mashini mbili kama hizo unaweza kuziunganisha na kabo, waya murefu mumoja, zikapeana habari. Nikawaza siku mingi. Kinywa kiliapa. Vidole havikuapa.

Kabo ni mimi nimeipitisha. Watu wasikudanganye kama ni Héritier, yeye alionyesha tu, na kuichomeka kule kwa Blaise. Ndani yake iko nyuzi nane za rangi. Kama hauna kile kisanduku cha kugawanya, lazima uzipishanishe kwa kichwa kimoja cha kabo: za machungwa ziende mahali pa kijani, za kijani mahali pa machungwa. Mutu aliyechunga phonie ya misioni miaka na miaka, radio iliyoita mpaka Bukavu, atashindwa na uzi? Nilichimba mufereji toka dirisha langu mpaka dirisha la Blaise, nikalaza kabo ndani ya bomba la plastiki. Umeme ni wa panno ya jua na batri. Blaise hakuuliza kitu. Aliacha dirisha wazi, nikaelewa.

Héritier alitengeneza ukurasa mumoja ambao sisi wawili tunaweza kuufungua. Blaise akiandika kule na kufunga, mimi nafungua huku nasoma. Unajua neno lake la kwanza, nyuma ya miaka yote ile? MBUZI YAKO IKO NDANI YA MUHOGO YANGU. Nikajibu: MBUZI HAIKUSOMA. Akaandika: KAMA MWENYEWE. Yaya, nilicheka peke yangu mpaka Naomie akaja kuniangalia kama ningali na akili.

Basi tukaendelea. Mvua, panya wa ghala, nani amekufa kule Nyangwe. Herufi kubwa tu, kidole kimoja. Nje tukipitana, macho chini, kama siku zote.

Siku moja akaandika juu ya mama. Akasema njia ilikuwa imekatika, jua lilikuwa kali, mwili haukuweza kukaa. Akasema alituma mutu kunitafuta, akatuma na wa pili, wote hawakufika. Nilisoma pole pole, nikarudilia. Kisha nikaandika: UNGENGOJA. Hakujibu. Kesho yake pia hakujibu. Ugonjwa ukaingia hapo.

Shemeji Julienne, bibi yake, alipojua tulikuwa tunaandikiana, akasema ni kiapo ndicho kinamukula bwana yake, juu tulikizunguka kwa nyuma kama wezi. Akatoka na panga. «Mulifikiri kiapo kiko na masikio tu? Kiko na macho pia!» Akakata kabo pale inapopanda dirishani, akakata tena. Nikamuambia: «Shemeji, ile ni plastiki, haina kosa.» Akanigeukia: «Basi ingia useme naye na kinywa, kama wewe ni mwanaume!»

Nikainama kuokota vipande vya kabo. Mimi, Gédéon, nikainama mbele ya mwanamuke mwenye panga, na watu wa kartie, majirani wote, wakiangalia.

Kabo naweza kuiunganisha tena, kazi hiyo nafanya hata gizani. Lakini Naomie akimupelekea supu anarudi na kusema vidole vya Blaise havishiki hata kijiko. Sasa niunganishe nimuandikie nani?

Na nikiingia nikasema, Blaise akafa kesho yake, kartie yote itasema kinywa changu ndicho kimemuua. Mimi mwenyewe, Yaya, sijui kama watakuwa wanasema uongo. Iko neno moja nataka kumuambia juu ya lile UNGENGOJA. Naomie anataka nimutume yeye. Hapana. Neno hii haipitii kwa mutoto. Na kwa telefone yako pia hapana, kule munafungulia sauti kubwa, nyumba yote inasikia.

Aliyepokea kiapo ndiye anakifungua, na ni wewe. Unajua inavyofanywa: ushike mukono yake na yangu, utunyweshe maji ya kikombe kimoja. Kuja. Panda gari mpaka Kabambare, nitatuma mutu wa pikipiki asiyekimbiza, akufikishe hapa. Kama magoti yanakataa, kuja nayo yakikataa vile vile. Unajua mimi siombi.

Usalimie Laura na bwana yake, na Esther-Divine, jirani yako anayekusomea barua. Muambie asome pole pole, na pale ninaposema Blaise asishushe sauti. Mungu akutangulie njiani, akulete mpaka mulangoni.

Nilifikiri kufunga hapa, lakini ujue na hili. Tangu kabo ikatwe, kila asubuhi naenda kukaa chini ya dirisha la Blaise, kama mutu anayeota jua. Ninakohoa. Kukohoa si kusema, hakuna aliyeapa juu ya kukohoa. Naye ndani anakohoa. Mwanzoni nilijua ananijibu: mimi mara moja, yeye mara moja. Sasa nakohoa mara moja, na yeye anaendelea, anaendelea, na siwezi tena kujua kama ananijibu ao ni kifua tu.

Mudogo wako anayekupenda, anayekungojea,
Gédéon